Breki ya Mbele Ikilia, Tusiizibe Mdomo

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mafundi na waendeshaji wa bodaboda, Maua)



Tumeombwa kusema juu ya jambo moja ambalo kila fundi wa hapa Maua amelikuta, na kila mwendeshaji amelisikia kwa masikio yake. Pikipiki imeanguka, au imegongwa. Imepelekwa kwa fundi, imenyooshwa, imerudishwa barabarani. Baada ya siku moja au mbili breki ya mbele inaanza kulia. Mwendeshaji anarudi na kusema, “Bwana fundi, ile sauti haijaisha.” Fundi anafungua gurudumu, anapiga msasa, anafunga. Sauti inanyamaza. Kesho kutwa inarudi.

Wengi wetu twaona hilo ni jambo la kuudhi tu. Sisi twataka kuwaambia leo kwamba si la kuudhi bali ni la kuonya. Pikipiki iliyopata ajali ikilia breki, ile sauti ni shahidi wa kitu kilichopinda, kilicholegea au kilichofungwa vibaya. Kazi ya fundi ni kumhoji shahidi. Akimnyamazisha kabla ya kumhoji, ushahidi umepotea, na hatari imebaki palepale.

Ndugu, hebu tukumbuke kwanza kazi hii imetoka wapi. Bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu na mizigo yao walivushwa kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Pikipiki zilikuja baadaye. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, zile zisizofika cc 250, na tangu hapo zikaenea kila kijiji. Lakini Busia ni nchi ya tambarare, nasi twakaa juu ya milima ya Nyambene. Mwenzetu akitoka hapa kwenda Laare au Kangeta anapanda na kuteremka. Akielekea lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru, anateremka mwendo mrefu kutoka baridi ya mlimani mpaka joto la chini. Na mara nyingi nyuma yake yupo abiria, au limefungwa gunia la miraa ambayo lazima ifike ingali mbichi, maana miraa iliyokauka haina mnunuzi. Nchi kama hii, na haraka kama hiyo, hazimsamehe mtu mwenye breki mbovu.

Tena breki yenyewe ni ya mbele. Wako waendeshaji wanaoiogopa, wakidhani itawarusha, kwa hiyo wanakanyaga ya nyuma peke yake. Hilo ni kosa. Pikipiki inaposhikwa breki, uzito mwingi hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi na huteleza upesi, lakini la mbele hubanwa chini na kushika barabara vizuri zaidi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya nguvu ya kusimamisha pikipiki hutoka mbele. Tufanye hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Breki ikiwa nzima, na barabara ikiwa kavu na sawa, yaweza kusimama katika mita 12 hivi tangu kushikwa. Nguvu ya breki ikipungua nusu, itahitaji kama mita 25. Mtoto aliyevuka barabara mita 20 mbele yako, uhai wake umo katika tofauti hiyo.

Sasa tutawasimulia kosa letu wenyewe, ili msidhani twawahubiria tukiwa watakatifu.

Ililetwa kwetu pikipiki iliyokuwa imegonga mkokoteni. Ilikuwa na breki ya dramu mbele, kama pikipiki nyingi za kazi. Rimu ilikuwa imepinda, spoki zimekatika, usukani umekwenda upande. Tukanyoosha shoki, tukasuka gurudumu kwa spoki mpya, tukafunga. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama juu ya vichwa vyetu akitazama saa, maana kila siku ya kulala ni hesabu isiyoingia. Kijana aliyeiendesha akairudisha siku ya pili: “Wazee, inalia.” Tukapiga lainingi msasa. Akarudi tena. Tukapiga msasa tena, na mara hii tukamwambia, “Ni lainingi mpya, itazoea.” Ndugu, neno hilo “itazoea” tungependa lifutwe katika karakana zote.

Mara ya tatu hakurudi akiwa juu ya pikipiki. Alirudi akiisukuma. Alikuwa ameteremka na abiria, akashika breki, akasikia kitu kinagonga “ko!” mbele, na usukani ukamshtua mikononi. Kijana yule alikuwa na akili kuliko sisi. Alimshusha abiria, akamrudishia pesa zake, akaisukuma pikipiki mlima wote mpaka kwetu.

Tulipofungua safari hii tulitazama kwa macho ya kutafuta. Mnajua kwamba sahani ya breki, yaani kile kifuniko cha mviringo kinachobeba lainingi, ina pengo, na mguu wa shoki una jino. Jino hilo huingia katika pengo na kuizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu. Nguvu yote ya breki hukamatwa na jino hilo moja. Sasa miguu ya shoki ilikuwa bado imejipinda kidogo, haikulingana. Kwa hiyo sahani ilikaa upande, na jino lilishika ukingo tu wa pengo. Chuma kilikuwa kimeanza kulika. Siku chache zaidi, jino lingeruka. Sahani ingezunguka na gurudumu, waya wa breki ungejisokota, gurudumu lingefunga ghafula, na kijana na abiria wake wangerushwa juu ya usukani. Ile sauti ya siku ya kwanza ilitoka hapohapo: lainingi zilizokaa upande zilisugua dramu kwa ukingo mmoja, zikang'aa kama kioo, zikalia. Msasa uliondoa kioo. Upande haukuondoka.

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu, nao ndio tunaotaka kuwapa leo.

Jambo la kwanza ni kuuliza kabla ya kushika spana. Mwendeshaji ndiye aliyeishi na sauti hiyo. Je, inalia ukishika breki tu, au hata usiposhika? Inalia mfululizo, au kwa zamu, mara moja kila gurudumu linapozunguka? Asubuhi tu kukiwa na umande, au mchana kutwa? Ilianza kabla ya ajali au baada yake? Fundi asiyeuliza atafungua vitu vitano kutafuta kimoja.

Jambo la pili ni kuzijua sauti, maana haziko sawa.

Sauti nyembamba ya kulia, “kwiii”, ni ya lainingi au padi inayotetemeka. Yaweza kuwa vumbi, yaweza kuwa uso uliong'aa, yaweza kuwa lainingi zinazoshika upande mmoja. Ikisikika asubuhi peke yake na kwisha baada ya kushika breki mara chache, mara nyingi ni unyevu na kutu nyepesi tu. Ikisikika kutwa nzima baada ya ajali, tafuta kilichopinda.

Sauti ya kukwaruza, ya chuma kwa chuma, ina maana kwamba lainingi imekwisha, au jiwe limeingia ndani. Pikipiki hiyo isiendeshwe hata mita 100. Iliharibu dramu jana, nayo inaiharibu leo.

Sauti ya kugonga, “ko”, mara unaposhika breki, ina maana kwamba kuna kitu kimelegea na kinasogea. Hapo tazama gololi za shingoni, jino la sahani, nati ya ekseli, na kwa breki ya diski tazama bolti za kalipa.

Sauti ya zamu, inayokuja mara moja kila mzunguko, na mkono wa breki unasukumana na vidole vyako, ni ya kitu kisichokuwa mviringo: dramu iliyokuwa yai, au diski iliyopinda.

Na sauti inayosikika hata usiposhika breki, hiyo huenda si ya breki kabisa. Yaweza kuwa beringi ya gurudumu, gia ya spidomita iliyofungwa bila grisi au iliyokaa vibaya, au mdomo wa sahani unaogusa gurudumu kwa sababu kipande cha bomba cha kutenganisha kimesahauliwa mezani. Msicheke. Kila fundi amewahi kukuta kipande kimebaki mezani.

Jambo la tatu ni kuichunguza pikipiki bila kufungua kitu. Iweke juu ya stendi kubwa, gurudumu la mbele liinuke. Zungusha gurudumu kwa mkono. Shika waya mwembamba au penseli juu ya mguu wa shoki, ncha ikaribie rimu, nawe utaona kama rimu inacheza. Kisha simama mbele, hatua tatu, utazame gurudumu na usukani. Kama gurudumu linatazama mbele na usukani unatazama pembeni, mabomba ya shoki yamejizungusha katika shingo. Mara nyingi huweza kurudishwa kwa kulegeza bolti zinazoyabana, kuyanyoosha, na kukaza upya. Lakini bomba lenyewe likiwa limepinda, hilo ni jambo jingine. Litoe, lilaze juu ya kioo cha dirisha, ulizungushe. Bomba zima litazunguka taratibu, na lililopinda litainuka na kushuka mbele ya macho yako. Nasi twasema wazi: bomba la shoki halinyooshwi kwa moto. Moto huondoa ugumu wa chuma, na chuma kilichopoteza ugumu kitapinda tena, siku ambayo hutaichagua wewe.

Halafu shusha pikipiki chini. Shika breki ya mbele kwa nguvu, usukume pikipiki mbele na nyuma. Mwenzako aweke kidole kwenye maungo ya shingo. Akihisi kitu kinacheza hapo, ni gololi za shingoni zimelegea au vikombe vyake vimepigwa na ajali. Asipohisi hapo, aweke kidole kwenye sahani ya breki na jino lake. Kidole kitakuambia ambalo sikio halikuweza.

Jambo la nne ni kufungua. Kwa breki ya dramu, tazama lainingi kwanza kabla ya kuzifuta. Alama zilizomo ni barua mliyoandikiwa. Ikiwa zimelika sawasawa pande zote, kukaa kwake ni kuzuri. Zikiwa zimeng'aa ukingo mmoja tu, sahani au ekseli imekaa upande. Zikiwa zimeng'aa mahali pawili pawili, dramu huenda imekuwa yai, na hilo hutokea sana gurudumu linaposukwa upya na spoki za upande mmoja zikakazwa kuliko za mwingine. Spoki zina nguvu ya kuvuta hata kitovu cha gurudumu kikapoteza mviringo wake. Ukiona hivyo, usipige lainingi msasa. Rudi kwenye spoki.

Lainingi iliyolowa grisi au oili haioshwi kwa petroli ikarudishwa. Oili imekwisha kuingia ndani, na joto la mteremko litaitoa tena. Ibadilishwe, na mahali ilikotoka grisi pazibwe. Jino la mguu wa shoki likiwa limevunjika na kuchomelewa juujuu, usiliamini. Mguu ubadilishwe. Waya wa breki nao utazamwe. Usukani ukinyooshwa, waya hubanwa au kukunjwa, na breki hairudi yote ukiiachia. Lainingi hukaa zikigusa kutwa, hupata moto, huwa kioo, hulia. Fundi anatafuta ugonjwa gurudumuni, kumbe uko juu kwenye mkono.

Kwa breki ya diski, angalia kama shoki imevuja. Ajali hupinda bomba, bomba hukata sili, na oili hushuka mpaka kwenye diski na padi. Padi iliyokunywa oili dawa yake ni kubadilishwa. Angalia pini ambazo kalipa huteleza juu yake, na kile kibati cha springi kinachozuia padi zisitikisike. Kibati hicho ni chepesi, hupotea, nacho kisipokuwapo padi hupiga kelele kwenye kila shimo. Diski ina unene wa mwisho uliopigwa chapa juu yake. Usome. Na maji ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake, kamwe si oili ya injini, maana oili hiyo huharibu mipira yote ndani.

Neno moja juu ya vumbi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi nyingine za zamani zilikuwa na asbesto, na kwa macho huwezi kujua. Lowesha kitambaa, ufute, ukitupe. Mapafu ya fundi hayauzwi katika duka la vipuri.

Jambo la tano ni kufunga, na hapa ndipo pikipiki nyingi za ajali huharibika mara ya pili. Kwa dramu, hakikisha kwa macho na kwa mkono kwamba jino limeingia katika pengo mpaka mwisho. Ingiza ekseli, weka nati kwa vidole tu. Zungusha gurudumu, ushike breki kwa nguvu, na usiiachie. Huku breki imeshikwa, mwenzako akaze nati ya ekseli. Kwa njia hiyo lainingi zenyewe huiweka sahani katikati ya dramu. Kwa diski, kaza nati ya ekseli, lakini bolti inayobana ekseli kwenye mguu wa shoki iache ikiwa imelegea. Shusha pikipiki, ikandamize mbele mara tano au sita ili miguu ijitafutie nafasi yake, ndipo ukaze bolti hiyo. Ukikaza mapema, umefunga upindo ndani.

Jambo la sita ni kujaribu. Fundi ajaribu mwenyewe, mahali tambarare, bila abiria, kwanza polepole kisha kwa mwendo. Pikipiki isirudishwe kwa mwenyewe ikajaribiwa kwenye mteremko wa Murera na mama wa watu nyuma.

Ndugu wanachama, haya yote yanachukua saa kadhaa, na hapo ndipo lilipo jambo la chama. Kwa nini fundi anapiga msasa na kusema “itazoea”? Si kwa sababu ni mjinga. Ni kwa sababu mwendeshaji anataka kurudi kazini, na mwendeshaji anataka kurudi kwa sababu mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, breki ilie isilie. Haraka hiyo hushuka kutoka kwa mwenye mali, ikamkuta mwendeshaji, ikaishia juu ya fundi. Lakini siku ya ajali haipandi kurudi juu. Humkuta mwendeshaji na abiria, na fundi hubaki na lawama.

Sheria ziko. Sheria ya Barabara, sura ya 403, inataka kila chombo kiwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi aiseme hatari anayoiona, nayo yamkataza mwajiri kumrudisha kazini penye hatari kubwa ya papo hapo kabla haijaondolewa. Wako watakaosema mwendeshaji si mwajiriwa, ni mtu wa hesabu tu. Na waseme. Mfupa wa mguu haujui tofauti ya mshahara na hesabu.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu, myajadili katika steji zenu na karakana zenu.

La kwanza: pikipiki iliyopata ajali isitozwe hesabu mpaka fundi aseme imepona, na siku ya kuijaribu ihesabiwe kuwa siku ya matengenezo.

La pili: fundi akirudishiwa pikipiki kwa sauti ileile mara ya pili, asipige msasa. Aite fundi mwenzake, watazame wawili. Hakuna aibu kuita mwenzako. Sisi tungalimwita mtu mara ya pili, yule kijana hangalisukuma pikipiki mlima mzima.

La tatu: mwendeshaji anayekataa kubeba mtu juu ya breki inayolia asichekwe steji wala asinyang'anywe pikipiki. Wenzake wasimame naye. Mmoja akikataa peke yake, kesho atapewa kijana mwingine pikipiki ileile. Wote wakikataa, itatengenezwa.

Yule kijana tuliyemsimulia angali barabarani. Alipoteza pesa za siku tatu, na sisi tulitengeneza mara ya mwisho bila malipo, kama ilivyokuwa haki. Jino jipya, miguu inayolingana, spoki zilizopimwa moja moja. Alipoondoka tulisikiliza. Breki ilikuwa kimya, na mara hii hatukuwa tumeizima kwa msasa.